Usiku wenye saa saba mbili

Kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hapa Uingereza, saa saba ya usiku huja mara mbili. Inakuja ya kwanza, inatimiza dakika zake sitini, na ikigonga saa nane kamili saa za nchi nzima zinarudishwa nyuma, saa saba inaanza upya. Watu wengi wakati huo wamelala. Wanaamka asubuhi, simu imeshajibadilisha yenyewe, wanaona saa ya jiko bado iko mbele, wanaibonyeza mara mbili tatu, yamekwisha. Mimi huwa macho. Nafanya kazi ya kea ya usiku katika nyumba moja ya kulea wazee hapa Leicester, na kwetu ile saa ya pili ni saa nzima ya kugeuza watu vitandani, kubadilisha nepi, kuitikia kengele na kujaza chati.

Naandika leo Jumatatu, tarehe 27 Oktoba 2025. Usiku wa kuamkia jana nilikuwa zamu, na usingizi bado haujanikaa sawa. Nawaandikia hasa ndugu zetu wanaokuja huku kutoka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kwa kazi hizi, wakaambiwa tu kwenye korido "wiki hii saa zinabadilika", na hakuna anayekaa nao kuwaeleza inavyokuwa.

Kanuni yenyewe ni fupi. Jumapili ya mwisho ya Machi, ikifika saa saba usiku, saa zinasogezwa moja kwa moja hadi saa nane. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ikifika saa nane usiku, zinarudishwa saa saba. Msimu wa baridi tunakuwa nyuma ya Mombasa kwa saa tatu, msimu wa joto kwa saa mbili. Kwa aliyezaliwa Kibokoni, Mombasa, kama mimi jambo hili halikuwa na mahali pa kulishikia. Kwetu adhana ya magharibi haitoki kwenye saa kumi na mbili na dakika zake mwaka mzima, na jua linachomoza saa kumi na mbili na dakika zake, iwe Januari au Julai. Hapa Leicester mwezi Juni jua linatua saa tatu na nusu usiku. Desemba linatua kabla ya saa kumi alasiri, na asubuhi halionekani mpaka saa mbili imepita. Watu wenye mchana unaorefuka na kufupika namna hiyo ndio waliopata fikra ya kuhamisha saa. Sisi wa karibu na ikweta hatukuwa na la kuhamisha.

Nianze na malipo, kwa sababu ndiyo yanayowaumiza wageni wa kwanza. Zamu ya usiku ya kawaida inaanza saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi, saa kumi na mbili. Usiku wa Oktoba inakuwa kumi na tatu, usiku wa Machi kumi na moja. Hakuna kifungu maalumu cha sheria kinachosema saa ile ya ziada ilipweje. Kinachoamua ni mkataba wako. Mahali nilipoanzia kazi mkataba ulihesabu zamu, si saa, kwa hiyo tulifanya saa kumi na tatu tukalipwa kumi na mbili, tukaambiwa Machi itafidia. Sasa aliyepangwa Oktoba siye lazima atakayepangwa Machi. Mwenzangu mmoja kutoka Tanga alishika ile ya Oktoba, na ilipofika Machi alikuwa likizo ya uzazi. Ukipewa mkataba, soma kama unalipwa kwa saa au kwa zamu, na uulize kwa maandishi mwezi Septemba kabla ratiba haijatoka. Kuuliza alfajiri ile ile, mmechoka nyote na msimamizi hajafika, hakukupi kitu.

Jambo ninalotamani kila kea mgeni alishike zaidi ni la dawa, na hatari yake iko Machi. Chukua parasetamoli. Kati ya dozi na dozi lazima zipite saa zisizopungua nne. Mzee amepewa saa sita na nusu usiku. Saa kumi na nusu alfajiri analalamika tena maumivu, unafungua chati, unatoa hesabu, unapata saa nne. Karatasi inakuruhusu. Lakini hapo kati saa saba ilirukwa, na mwilini mwake zimepita tatu tu. Oktoba hesabu inapotea upande wa pili: amepewa saa sita na nusu, saa tisa na nusu anaumwa, chati inaonyesha saa tatu, anaambiwa asubiri, na kumbe nne zimeshatimia. Huyu hadhuriki kwa dawa, ila anakaa na maumivu saa nzima bila sababu, na mtu wa miaka tisini mwenye nyonga iliyovunjika saa nzima kwake ni ndefu mno.

Kwa wenye ugonjwa wa Parkinson uangalifu unazidi. Dawa yao, levodopa, ikichelewa hata nusu saa, mtu anaweza kukakamaa akashindwa kujigeuza, wakati mwingine hata kumeza. Mwili wake haujui kwamba serikali imesogeza saa. Nesi wetu hukaa na mfamasia wiki mbili kabla, wanapanga kila mgonjwa dozi zake zitahamia vipi, na karatasi inabandikwa kwenye kabati la dawa. Na usiku wenyewe wa Oktoba, kila tunachoandika kati ya saa saba na saa nane tunakitia herufi: BST, yaani saa za kiangazi, kwa saa saba ya kwanza, na GMT, saa za baridi, kwa ya pili. Bila herufi hizo, atakayesoma kwamba mzee ameanguka saa saba na dakika ishirini hatajua ni saa saba ipi, na daktari akija asubuhi hilo ndilo swali lake la kwanza.

Saa za ukutani nazo zina mambo yake. Ile kubwa ya korido ni ya aina inayopokea mawimbi ya redio kutoka Anthorn, kule Cumbria, ikajirekebisha bila kuguswa. Mishale yake haiwezi kurudi nyuma. Kwa hiyo Oktoba inakimbia mbele saa kumi na moja mfululizo, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ifike inapotakiwa. Mzee mmoja aliyekuwa akielekea msalani aliiona inavyozunguka akashikilia ukuta, akaniuliza kama amekufa. Tangu usiku ule, ikikaribia saa nane tunaifunika shuka.

Yuko mwingine mwenye saa yake ya kugonga, ya ukutani, urithi wa baba yake. Saa ya namna hiyo huirudishi nyuma kwa kidole, utaharibu mtambo wake wa kugonga. Unausimamisha ule uzito unaoyumba, unasubiri saa nzima ipite, unausukuma tena. Mwenyewe ndiye aliyenifundisha, kwa subira kubwa, na kila Oktoba ananikumbusha kama mtu anayenikabidhi amana. Nikiingia kuusukuma saa saba ya pili, namkuta ameamka ananingoja.

Watu wanapenda kusema Oktoba ndiyo rahisi kwa kuwa unapata saa ya kulala zaidi. Kuna ukweli ndani yake. Saa ya ndani ya mwili wa binadamu, isipoona mwanga wa nje, huenda kwa zaidi kidogo ya saa 24, kwa hiyo kuchelewa kwatuwia wepesi kuliko kuwahi. Machi ndiyo yenye madhara yanayohesabika: mwaka 2008 watafiti wa Sweden walichapisha kwenye jarida la New England Journal of Medicine kwamba mishtuko ya moyo huongezeka katika siku za kazi za mwanzo baada ya saa kusogezwa mbele. Lakini haya yanamhusu mtu anayejilalia mwenyewe. Kwa anayemlea mzee aliyepoteza kumbukumbu, au mtoto mdogo, Oktoba ndiyo nzito, kwa sababu hao hawalali saa moja zaidi. Wanaamka pale pale walipozoea, na sasa pale panaitwa saa kumi na moja.

Tuna bibi mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Leicester ilikuwa mji wa kufuma soksi na nguo, na yeye ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha soksi. Zamu yake ilianza asubuhi na mapema. Majina ya wanawe yamemtoka, chakula alichokula jana kimemtoka, lakini ile asubuhi ya kiwandani haijamtoka. Saa kumi na mbili kila siku anaamka, anatandika kitanda, anavaa koti, anachukua mkoba na kuja kusimama mlangoni. Wiki baada ya Oktoba anakuja saa kumi na moja. Wafanyakazi wageni humwambia bado usiku, rudi ulale. Anawaonyesha koti lake. Anaanza kulia kwamba atakatwa mshahara.

Sibishani naye kuhusu saa, kwa sababu katika hilo yeye ndiye mkweli. Alilala saa zake kamili, ameamka wakati wake. Namuuliza leo mashine yake ni namba ngapi. Ananiambia. Nampikia chai, namkalisha kwenye kiti cha karibu na dirisha, tunazungumza nyuzi na sindano mpaka kupambazuke. Na tumejifunza kumwandaa. Siku kumi hivi kabla ya saa kurudishwa tunakisogeza chakula chake cha jioni mbele kwa robo saa, baada ya siku mbili tatu robo nyingine, na taa ya chumbani tunachelewa kuizima kwa kiasi hicho hicho. Saa zinaporudi, mwili wake umeshatangulia kufika. Mwaka huu jana alikuja mlangoni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Kwangu hayo ni mafanikio makubwa, na niliyaandika kwenye daftari la makabidhiano ili wa mchana nao wayajue.

Baadaye niligundua kwamba hivi tunavyomfanyia bibi ndivyo alivyotaka mwenyewe aliyeleta shauri hili hapa Uingereza. Alikuwa mjenzi wa nyumba, William Willett, mkaazi wa Chislehurst. Alizoea kupanda farasi asubuhi na mapema, akasikitika kuona jua limetoka na madirisha ya watu yamefungwa. Mwaka 1907 akatoa kijitabu akipendekeza saa zisogezwe mbele dakika 20 kila Jumapili kwa Jumapili nne za Aprili, jumla dakika 80, na Septemba zirudishwe vivyo hivyo polepole. Bunge lilimkatalia. Akafa mwaka 1915 hajaona kitu. Kilicholeta saa hizi ni vita na haja ya kubana makaa ya mawe: Ujerumani na Austria-Hungaria walisogeza saa zao tarehe 30 Aprili 1916, na Uingereza ikafuata tarehe 21 Mei mwaka huo huo, saa nzima kwa mkupuo mmoja. Willett wamemjengea ukumbusho Petts Wood, saa ya jua iliyopangwa kufuata saa za kiangazi. Ila sehemu ya upole katika shauri lake, zile dakika ishirini ishirini, waliiacha, na sisi wa zamu za usiku ndio tunaoirudisha kwa mikono, chakula kwa chakula na taa kwa taa.

Nyumbani kwangu mabadiliko yanaonekana kwanza kwenye swala, kwa sababu swala inafuata jua na ajira inafuata saa ya ukutani. Jumamosi magharibi iliingia saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili. Jumapili ikaingia saa kumi na moja kasoro dakika kumi na tatu. Wanangu wawili wanakwenda chuoni, madrasa ya jioni, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja. Wiki iliyopita waliswali magharibi chuoni na mwalimu wao. Kuanzia leo magharibi inawakuta nyumbani, na kwa kuwa wanatoka shule saa tisa na nusu, ndani ya saa moja na robo wanatakiwa wale, waswali alasiri, wabadili nguo, watie udhu na kuswali magharibi, kisha watoke na giza. Tumeamua chakula cha jioni kihamie baada ya chuo na wakitoka shule wale kitu chepesi. Mdogo amenung'unika. Wiki ya pili atazoea, ndivyo alivyokuwa mwaka jana.

Mume wangu yuko ghalani, zamu ya mchana. Kiangazi adhuhuri huingia saa saba imeshapita, kwa hiyo msikiti wetu unaswali Ijumaa saa saba na nusu. Baridi adhuhuri huweza kuingia hata kabla ya saa sita, na swala inasogezwa hadi saa saba kasoro robo. Mapumziko yake ya chakula yamepangwa kwa saa. Mara mbili kwa mwaka lazima amwendee msimamizi wake akaombe mapumziko yasogee. Wengi hulikumbuka hilo Alhamisi usiku, na Ijumaa ya kwanza baada ya saa kubadilika unaona msikitini safu pungufu. Yeye anaomba mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi, kwa barua pepe, akiambatisha ratiba ya msikiti ya mwaka mzima. Hajawahi kukataliwa. Ratiba hizo zinatolewa bure mlangoni mwa msikiti na zinaonyesha wazi siku ambayo nyakati zote zinaruka kwa saa moja, basi chukua moja umpelekee bosi wako.

Kisha miaka miwili mfululizo, 2023 na 2024, saa zilisogezwa mbele tukiwa ndani ya Ramadhani. Ya 2024 sitaisahau. Saa zilihama usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi, na kwa sisi tuliofunga tarehe 11, usiku ule ulikuwa wa ishirini na moja, wa kwanza katika zile za witiri za kumi la mwisho. Nilisikia wanawake msikitini wakisikitika kwamba usiku mtukufu umekatwa saa moja. Mama mmoja mtu mzima wa Barawa, aliyekaa pembeni akisoma juzuu yake, aliinua kichwa akawauliza jua limetua saa ngapi na alfajiri inaingia saa ngapi, wakahesabu pamoja kwa vidole. Usiku ulikuwa na urefu wake uleule. Kilichopungua ni usingizi wa wale wanaoamshwa na kengele ya simu kwenda kazini. Na kesho yake watu walisema leo tunafungua saa moja na nusu badala ya saa kumi na mbili na nusu, wakahisi saumu imerefuka, na daku nayo ilikuwa imesogea vilevile. Nilizoea kuwaambia hivyo wanangu, lakini mtoto wa miaka kumi anayefunga kwa mara ya kwanza anaangalia saa, haangalii jua. Siku ile nilimfunika ile saa ya jiko.

Mwaka huu, 2025, ilianguka usiku wa Idi. Misikiti ya hapa iligawanyika kama kawaida: walioswali Jumapili tarehe 30 Machi, na waliongoja Jumatatu. Sisi tuliswali Jumapili. Swala ya kwanza ilikuwa saa moja na nusu asubuhi kwa saa mpya, mwili ukiijua kuwa ni saa kumi na mbili na nusu, na nusu ya usiku imekwenda kwenye hina, biriani na pasi za nguo. Imamu wetu alilijua hilo, akaongeza swala ya jamaa ya tatu saa nne kwa wenye watoto na wazee. Jambo dogo, lakini liliwaokoa wengi. Mwaka 2026 Ramadhani itamalizika kabla ya Machi kufika mwisho, na kuanzia hapo inaendelea kurudi nyuma kwenye baridi, kwa hiyo mgongano huu umetuacha kwa miaka mingi ijayo.

Familia yetu imetawanyika. Mama yuko Mombasa, kaka yuko Muscat, dada yuko Columbus, Ohio, mimi hapa. Kila mwezi tuna khitma ya marehemu baba, tunasoma pamoja kwa simu, kila mtu na juzuu zake. Mombasa na Muscat hazibadilishi saa. Mimi nabadilisha kwa kalenda ya Uingereza, na dada anabadilisha kwa kalenda ya Marekani, ambako tangu mwaka 2007 wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kati ya pale na pale, wiki mbili hadi tatu za Machi na wiki moja hii tuliyomo sasa, Marekani na Uingereza hazijapangana. Dada ambaye kawaida yuko nyuma yangu kwa saa tano, wiki hii yuko nyuma kwa saa nne.

Zamani kila mtu alitaja saa yake kwenye kundi la WhatsApp, na khitma ya Machi ilikuwa inasomwa na watu nusu. Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Mimi hapa sendi mbele wala sirudi nyuma. Saa nitakayotaja ni ya Mombasa, na kila mtu na ajipange huko aliko." Tangu hapo ni saa kumi na moja jioni ya Mombasa, baada ya alasiri, kabla hajashughulika na magharibi. Kaka anajua daima ni saa kumi na mbili yake. Mimi ni saa tisa kiangazi na saa nane baridi. Dada ni saa nne au saa tatu asubuhi, na wiki hii ni saa nne. Nawashauri wote wenye familia mbalimbali: chagueni mtu mmoja aliye mahali ambapo saa haihami, na saa yake iwe ndiyo ya wote. Kwa wengi wetu wa Pwani mtu huyo yupo tayari, na mara nyingi ni mama.

Simu za kila siku nazo zimebadilika sura. Kiangazi nikitoka kazini saa mbili asubuhi, Mombasa ni saa nne. Namkuta mama anachambua mchicha barazani, ana nafasi, tunaongea mpaka nifike nyumbani. Kuanzia jana nikitoka saa mbili, kwake ni saa tano. Chungu kiko motoni, wajukuu wanarudi karibu, anazungumza huku anakoroga. Jana alinijibu kwa haraka, akaniuliza, "Mwanangu, hio saa mumeirudisha tena? Basi ntakupigia mie baada ya adhuhuri." Baada ya adhuhuri yake mimi nimeshalala. Kwa hiyo mpaka Machi tumepatana kwamba nampigia kabla zamu haijaisha, wakati wa chai yangu ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, ambapo kwake ni saa mbili na nusu asubuhi na ndiyo kwanza anakaa na mahamri yake. Dakika kumi na tano, lakini za utulivu.

Nikiulizwa nataka nini, nataka saa ziachwe kuhamishwa, na ziachwe kwenye hii ya baridi tuliyoingia jana. Nasema hivyo nikijua wapo wanaotaka ya kiangazi idumu. Uingereza ilishaijaribu, kuanzia mwaka 1968 hadi Oktoba 1971: saa zilibaki mbele mwaka mzima, na asubuhi za Desemba watoto walikwenda shule gizani, kaskazini mwa Uskoti jua lilichomoza karibu saa nne asubuhi. Bunge likapiga kura Desemba 1970 kuachana nayo, 366 kwa 81. Chama cha wataalamu wa usingizi cha hapa, British Sleep Society, mwaka 2024 kilitoa msimamo kwamba saa zisihamishwe na ibaki ya baridi, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya mwili. Najua tutapoteza saa moja ya mwanga jioni za Juni, na wanangu wanaipenda ile saa, wanacheza mpira bustanini hadi usiku. Hiyo ni hasara ya kweli na siipuuzi. Lakini nimewaona wazee wetu wiki hii ya kwanza mwaka baada ya mwaka, wanavyotangatanga jioni giza likiingia mapema wasivyotegemea, na naona bei hiyo tunawalipisha wasioweza hata kuuliza kwa nini.

Umoja wa Ulaya wenyewe ulikusanya maoni mwaka 2018, majibu milioni 4.6, asilimia 84 wakitaka mtindo huu ukome. Bunge la Ulaya likaliunga mkono shauri hilo Machi 2019. Saa bado zinahamishwa huko, kwa kuwa serikali hazijapatana. Kwa hiyo mambo haya hayamaliziki kwa watu kukubaliana tu kwamba wanachoka.

Wengi wetu hatujui kwamba Wakenya na Watanzania tunaoishi huku kihalali tuna haki ya kujiandikisha na kupiga kura, kwa kuwa nchi zetu ni za Jumuiya ya Madola. Mimi nimejiandikisha, na leo mchana kabla sijalala nimemwandikia mbunge wa eneo letu. Nimemweleza habari ya parasetamoli ya Machi, na saa ya kumi na tatu isiyolipwa, na bibi wa soksi bila kumtaja jina. Nimemwomba mambo mawili: aunge mkono saa ya baridi ibaki mwaka mzima, na kabla ya hilo, waajiri wa zamu za usiku walazimishwe kulipa kila saa iliyofanywa. Akijibu nitaweka jibu lake hapa.